Kidole cha Kutuma ni Chako

Simu ilitaka kuandika "kufurahi". Bi Taipu alikuwa amegusa herufi tatu tu, na kile kimashine tayari kilijifanya kinajua mtu anataka kusema nini.

"Nani kafurahi hapa?" aliiuliza simu, kisha akaendelea herufi moja baada ya nyingine mpaka neno likatoka kama lilivyosemwa. Kufuli.

Aliyelisema alikuwa ameketi mbele yake kwenye stuli, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeitwa Mama Vifungo kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupiga vifungo kwenye mashati ya sare katika karakana ya ushonaji, ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo. Simu ilikuwa yake. Picha iliyokuwa ndani yake alikuwa ameipiga mwenyewe: mlango wa chuma wenye rangi nyekundu, maneno MLANGO WA DHARURA juu yake, na mnyororo uliozungushwa mara mbili kwenye mpini na kufungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi.

"Endelea," Bi Taipu alisema.

"Jumanne pasi iliwaka moto. Si moto, ni cheche. Halafu moshi. Tukakimbilia mlangoni, tukakuta kufuli."

"Niandike moto au cheche?"

"Cheche. Halafu moshi mwingi."

Akaandika cheche, halafu moshi mwingi. Kwa mtu mwingine ungekuwa moto mkubwa uliofika darini, lakini Bi Taipu hakuwa mtu wa kupiga chuku, wala hakumruhusu mtu mwingine apige kupitia vidole vyake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mpiga taipu wa mahakama. Shahidi akisema, anapiga. Shahidi akilia, anasubiri. Hakuwahi kumwongezea mtu neno wala kumpunguzia. Kuna hakimu mmoja mwenye haraka zake aliyewahi kumtaka atie sentensi ambayo shahidi hakuisema, naye akajibu mbele ya watu kwamba mashine imekwama. Mashine haikuwa imekwama. Ilikwama siku ile tu, na kwa hakimu yule tu.

Baadaye zile mashine zilipakiwa kwenye gari kama mizigo ya kuni, kompyuta zikashushwa, na yeye akapewa cheti pamoja na saa ya ukutani. Saa ilikufa kabla ya mwaka kuisha. Bi Taipu aligoma kufa. Alikaa nyumbani kwa bintiye miezi sita akitazama ukuta, mpaka binti akachoka kumwona hivyo akamnunulia simu ya kioo. Hapo mama akagundua jambo lililomkera mpaka leo: vidole vyake kumi, vilivyokuwa vikikimbia bila yeye kuvitazama, sasa viwili tu ndivyo vinavyofanya kazi, vinane vinatazama. Akaapa kwamba hata kwa viwili atawashinda vijana.

Ndipo akaja kuweka meza chini ya ngazi za jengo hili, mahali ambapo bomba la maji hudondosha tone moja kila baada ya muda kwenye kopo la rangi. Akaandika kwenye kipande cha boksi: HAPA TUNAANDIKA MESEJI. Watu walicheka. Nani siku hizi asiyejua kuandika meseji? Walicheka wiki mbili, ya tatu wakaanza kupanga foleni.

Ukidhani waliopanga ni wasiojua kusoma, umekosea. Hao walikuwepo, na wenye macho yaliyochoka pia. Lakini wengi wao walikuwa watu wanaojua kuandika vizuri kabisa, wale wale wanaoweza kurusha vichekesho mia kwa siku kwenye kundi la ukoo na kubandika moyo mwekundu chini ya kila picha ya mtoto wa jirani. Ikija habari ya maana, mikono inawafa ganzi. Wanaandika, wanafuta. Wanaandika tena, wanafuta tena. Kule upande wa pili mwenzao anaona neno "anaandika" likiwaka na kuzimika, likiwaka na kuzimika, mpaka anakata tamaa anaweka simu chini. Mbele ya Bi Taipu mtu hakuwa na nafasi ya kufuta. Ukishalisema, limesemwa.

Na alikuwa na taratibu zake, ambazo ukizikataa anakuonyesha mlango. Ujumbe unaandikwa kwenye simu yako, si yake. Anauandika kama ulivyousema. Akimaliza anakusomea kwa sauti, mara mbili, ili usikie mwenyewe ulichokisema. Chini kabisa anaweka alama tano za sawasawa, hivi: =====. Mahakamani ndivyo walivyofunga maelezo ya shahidi, asije mtu akaongeza neno chini yake baada ya watu kwenda nyumbani. Bi Taipu alizibeba alama hizo mpaka kwenye simu na hakuna aliyeweza kumwachisha. Rambirambi zilifungwa kwa alama tano. Maombi ya ruhusa kazini, alama tano. Mchumba wa mpagazi mmoja alitumiwa barua tamu ya mapenzi, akarudisha jibu akiuliza kama ile mwishoni ni hesabu anayotakiwa kuijibu.

Halafu kulikuwa na jambo la mwisho, ambalo hakulivunja hata kwa kipofu. Bi Taipu hakubonyeza kutuma. Alikugeuzia simu, akasema maneno yale yale kila siku:

"Kidole cha kutuma ni chako."

Kwa hiyo siku ile alimsomea Mama Vifungo mara mbili kuhusu cheche, moshi, na kufuli. Ujumbe ulikuwa wa kwenda ofisi ya zimamoto, kwenye namba iliyobandikwa ukutani karibu na lango, ile ambayo hakuna aliyewahi kuipiga.

"Jina?" aliuliza.

"Usiweke jina, mama. Nina watoto watatu."

Hakumlaumu. Aliweka alama tano, akamgeuzia simu. Mama Vifungo alibonyeza, akaifuta simu kwa upindo wa gauni kana kwamba imechafuka, akapanda ngazi kurudi kwenye vifungo vyake. Bi Taipu akasahau. Hiyo nayo ilikuwa taratibu: mteja akiondoka, maneno yake yanaondoka naye.

Siku mbili baadaye Mama Vifungo alirudi, akaweka simu mezani bila kukaa. Ofisi ilikuwa imejibu, tena kwa adabu nzuri. Malalamiko yasiyo na jina kamili na namba ya kitambulisho hayashughulikiwi. Ahsante kwa kutujali.

"Basi, imekwisha," Mama Vifungo alisema.

Haikuwa imekwisha. Jumatatu saa nne asubuhi meneja alishuka ngazi. Ndiye aliyesimamia karakana, na mwenye jengo alikuwa amemkabidhi funguo zote tangu lango mpaka paa, jambo lililomvimbisha kichwa. Alivaa viatu vyenye kulia, hivyo watu walijua anakuja kabla hajafika. Alisimama mbele ya meza akainamisha simu yake mbele ya pua ya Bi Taipu. Picha ya mlango ilikuwa pale. Maneno ya Mama Vifungo yalikuwa pale, ila namba ya aliyeyatuma ilikuwa imekatwa. Kumbe ofisi isiyoshughulikia malalamiko yasiyo na jina ilikuwa na mtu wa kuyashughulikia kwa njia nyingine, mtu mwenye rafiki jengoni.

"Bibi, hizi alama tano za chini ni za nani?"

Bi Taipu alizitazama. Hapa tusifichane: alijilaumu. Kila mtu katika jengo lile alizijua alama zake. Alichokiweka kumlinda mteja ndicho kilichomleta meneja mpaka mezani, na yeye mtu mzima, aliyekula chumvi nyingi, hakuwa ameliona hilo.

"Ni zangu," alisema.

"Safi. Sasa niambie nani alikuja."

"Sikumbuki."

"Hukumbuki?" Meneja alicheka kidogo. "Mtu wa mahakamani?"

"Mahakamani nilikuwa napiga taipu. Kukumbuka ilikuwa kazi ya hakimu."

Meneja akavuta stuli ya wateja, akakaa, akabadilisha sauti ikawa laini kama ya mtu anayeuza godoro. Alisema kuna chumba kile cha mbele, chenye dirisha na mlango. Mtu wa umri wake hapaswi kukaa chini ya bomba. Alitaka jina moja tu, wala hakuna atakayejua limetoka wapi.

"Kile chenye dirisha?" Bi Taipu aliuliza.

"Hicho hicho."

"Lina kufuli?"

Uso wa meneja ukakunjamana. Alisimama, akampa mpaka Ijumaa. Jina likifika, chumba ni chake. Lisipofika, meza itolewe nje. Viatu vikalia kupanda juu, na tone la maji likadondoka kwenye kopo.

Kama mambo yangeishia pale jengoni, Bi Taipu angekunja uso wake na kungoja Ijumaa. Lakini aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya bintiye, na mume wa bintiye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu ghorofa ya tatu. Hakuwa mkwe mbaya. Dawa ya goti la mama mkwe alinunua yeye, na hakuwahi kukaa kabla mama hajakaa. Jioni ile alikula tonge tatu akanawa mikono.

"Mama, naomba tuongee kidogo."

"Tuongee, mwanangu."

"Meneja kaniita leo. Kaniambia, mwambie mama yako ataje hilo jina, maisha yaendelee."

"Maisha ya nani?"

"Yetu sote, mama. Mimi ndiye ninayekaa na ufunguo wa ule mlango. Likibumbuluka, atakayeulizwa ni mimi."

"Uko wapi huo ufunguo?"

Aliutoa kwenye mfuko wa shati, akauweka mezani kati ya jagi la maji na kikopo cha chumvi. Ulikuwa mdogo kuliko Bi Taipu alivyotarajia.

"Siku ya moshi ulikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Na mfuko?"

Mkwe alikohoa. "Chini. Nilikuwa napokea marobota ya vitambaa."

Binti alikuwa anakusanya sahani. Alisimama na sahani mkononi, akamtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Watu wangapi walikuwa juu?" aliuliza.

"Arobaini na sita."

"Na wewe uko chini."

"Nilipewa amri," mkwe alisema. Hakumjibu mkewe, alimjibu mama mkwe. "Vitambaa vilikuwa vinaibwa kupitia mlango ule, ndiyo maana ukafungwa. Mimi nimepewa amri tu."

"Najua," Bi Taipu alisema. "Neno hilo nimelipiga taipu miaka ishirini na saba. Sikumbuki mtu aliyepanda kizimbani bila kuwa amepewa amri."

Mkwe aliurudisha ufunguo mfukoni. Bi Taipu alimwonea huruma, huruma ya kweli, na papo hapo akatamani kumzaba kofi. Vyote viwili alikuwa navyo kifuani. Kumtaja Mama Vifungo kungemwokoa mkwe, nyumba ingelala salama, na yeye angepata dirisha. Angehitaji kusema maneno mawili tu.

"Kesho jina litapatikana," alisema mwishowe, akainuka na goti lake.

Mkwe alishusha pumzi ndefu. "Ahsante, mama."

"Usinishukuru bado."

Asubuhi hakukaa mezani. Alifika jengoni kabla ya viatu vya meneja, akashika ukingo wa ngazi, akaanza kupanda. Ngazi zilikuwa hamsini na nane. Alizijua kwa sababu miaka yote alikuwa akizisikia juu ya kichwa chake, na hakuwahi kuzipanda hata siku moja. Goti lilipiga kelele ghorofa ya kwanza. Ghorofa ya pili akajikaza kisabuni. Ya tatu alifika akihema, skafu imemteleza shingoni, na mlio wa vyerehani ukampokea kama mvua ya mawe kwenye bati.

Vyerehani vilinyamaza kimoja kimoja. Watu arobaini na sita wakamwona yule mama wa chini ya ngazi akipita katikati ya meza zao, akizungukia marundo ya mashati, bila kumsalimu mtu. Mama Vifungo alianza kuinuka kwenye kiti. Bi Taipu alimtazama mara moja tu, jicho la kusema kaa chini wewe, naye akakaa. Mkwe alikuwa mwisho wa chumba na daftari la zamu.

Mlango ulikuwa palepale, na mnyororo wake, na kufuli lake. Bi Taipu alitoa simu. Hakuwa mpiga picha. Picha zake zote zilikuwa za wajukuu, nusu yao bila vichwa. Ya kwanza ilitoka kidole chake mwenyewe, kikubwa na chekundu. Ya pili ilitoka mlango. Alipiga ya tatu kwa usalama, pamoja na pasi mbili zilizounganishwa kwenye waya mmoja uliofungwa plasta. Kisha akageuka akashuka, kidogo kidogo, na hakuna cherehani hata kimoja kilichoanza tena mpaka nyayo zake zilipokoma.

Alikaa kwenye kiti chake akaweka simu mbele. Akagusa m, i, m, i. Simu ikamletea maneno haraka: "Mimi nimefika salama". Alilitazama pendekezo lile, akaona aibu kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa ameandika maneno ya watu elfu, lakini yeye mwenyewe, kwa jina lake, hakuwa na jambo jingine alilowahi kumwambia mtu kwenye simu ile. Simu ilikuwa inamjua vizuri.

Akaandika sentensi, akaifuta. Akaandika nyingine, yenye maneno makubwa ya mahakamani, akaifuta nayo. Ya tatu ilianza kwa kuomba radhi. Hiyo aliifuta kwa hasira. Kumbe ndiyo hii, akawaza. Kumbe hawa watu ninaowacheka kila siku walikuwa wanapita hapa.

Basi akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye stuli ya wateja. Mikono ikaenda yenyewe katikati ya magoti. Akakitazama kile kiti kitupu upande wa pili, akaanza kusema kwa sauti, kama mtu anayesema na karani. Na kila alichokisema, alikiandika.

"Mimi ni mpiga taipu mstaafu wa mahakama. Jina langu kamili na namba ya kitambulisho changu nimeweka hapa. Leo asubuhi nimepanda kwa miguu yangu ngazi hamsini na nane. Nimeona kwa macho yangu mlango wa dharura wa ghorofa ya tatu umefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ndani kuna watu arobaini na sita na pasi za umeme. Sikutumwa na mtu. Anayetaka kujua nani kasema, ni mimi."

Alama tano. Akaambatanisha picha mbili za mlango, kisha akasoma mara mbili, kama ilivyo taratibu, na sauti yake ilipanda na uwazi wa ngazi ikafika ilikofika. Mpagazi aliyekuwa anapita na boksi begani alisimama. Mlinzi wa lango alikuja mpaka kwenye kona. Jina lake kamili, ambalo wengi pale walikuwa hawajawahi kulisikia, lilisomwa mara mbili pamoja na namba zote.

Kidole kikasimama juu ya kioo. Alikuwa anawaza nyumba ya bintiye, meza hii, na ufunguo mfukoni mwa mkwe. Mtu alikuwa ameshuka nusu ya ngazi akasimama gizani, uzi mweupe ukining'inia kwenye mkono wa gauni lake.

"Mama," Mama Vifungo alisema. "Kidole cha kutuma ni chako."

Akabonyeza. Kisha, kwa kuwa alishaanza, akautuma ujumbe uleule kwa meneja, na juu yake akaongeza mstari mmoja: Uliomba jina, hili hapa.

Meneja hakungoja Ijumaa. Haikufika saa sita mchana meza ilikuwa barabarani, miguu juu, na kile kipande cha boksi kimekanyagwa. Alisema mengi, na kwa sauti kubwa, kuhusu wazee wasiojua shukrani. Bi Taipu alimsikiliza mpaka mwisho kama alivyowasikiliza mawakili wengi, kisha akauliza kama amemaliza. Mpagazi na mlinzi wakabeba meza wakaivusha ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi. Mlinzi alibeba pia lile kopo la rangi, sijui kwa nini, maana huko hakukuwa na bomba. Hakuna aliyemwuliza.

Ng'ambo ile jua lilimpiga usoni na vumbi likaingia kwenye skafu. Lakini kutoka pale aliona kitu ambacho chini ya ngazi hakuwahi kukiona: ubavu wa jengo, na ngazi za chuma zilizoshuka kutoka ghorofa ya tatu mpaka ardhini, zenye kutu, na juu yake ule mlango mwekundu kwa upande wa nje. Tangu lini hakuna aliyezikanyaga, hakujua. Ndege walikuwa wamejenga juu ya ubao wa mwisho.

Wateja walivuka barabara. Kwanza mmoja, halafu wanne. Jumatano ofisi ilijibu, na safari hii hakukuwa na ahsante kwa kutujali. Malalamiko yamepokelewa na yamepewa namba. Wakaguzi watakuja. Ili hatua zichukuliwe, wanaomba maelezo ya mtu wa ndani anayejua mlango ulifungwa kwa amri ya nani na ufunguo unakaa kwa nani.

Bi Taipu aliusoma mara mbili, akaweka simu mfukoni. Nyumbani hakumwambia mtu. Kwa siku mbili yeye na mkwe wake walikuwa wamekula meza moja wakisalimiana tu, shikamoo, marahaba, na binti katikati yao akigonga sahani kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ujumbe ule angeweza kumwonyesha. Angeweza pia kumpigia magoti, au kumtisha. Hakufanya lolote. Katika kazi yake mteja huja mwenyewe.

Alhamisi, saa ya mapumziko ya mchana, mkwe alivuka barabara. Alisubiri foleni kama watu wengine, nyuma ya mwanamke aliyekuwa anamwandikia kaka yake habari za msiba. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye stuli, akaweka simu mezani. Bi Taipu aliona kwenye kioo ile namba ya zimamoto, na chini yake nafasi tupu.

"Wewe unajua kuandika," alisema.

"Najua, mama."

"Tena una vidole vyepesi. Nimekuona."

"Tangu jana nimeandika mara kumi na moja." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nafika kwenye neno ufunguo, nafuta."

Bi Taipu alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya kumfariji na ya kumsuta, na siku nyingine angeyasema yote. Alivuta simu karibu, akakunja mikono ya gauni.

"Sema," alisema.

Mkwe akasema. Alisema siku mnyororo uliponunuliwa na nani aliyeagiza. Alisema kuhusu Jumanne, cheche, moshi, na marobota ya vitambaa. Alipofika kwenye ufunguo alikwama, na Bi Taipu akasubiri kama alivyowasubiri wote. Kisha akasema. Simu ilileta mapendekezo yake, yeye akayapuuza yote. Alipomaliza alisoma mara mbili, pole pole, na mkwe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni Bi Taipu aliandika jina kamili la mkwe, lile aliloletewa siku ya posa, na namba zake za kitambulisho. Alama tano.

Akamgeuzia simu.

"Kidole cha kutuma ni chako."

Mkwe alikuwa ameushika ufunguo mkononi muda wote ule, na ulikuwa umeacha alama kwenye kiganja. Aliuweka mezani ili mkono uwe huru. Akabonyeza. Alikaa kidogo akiitazama simu, kisha akauchukua ufunguo, akasimama, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, akaingia langoni.

Bi Taipu hakumwita mteja mwingine. Alianza kuhesabu. Alipofika hamsini na nane alinyamaza, akainua macho kwenye ubavu wa jengo na kungoja. Mnyororo ulisikika kwanza, ukivutwa na kuanguka sakafuni. Ndege wakaruka. Mlango mwekundu uligoma, ukasukumwa, ukagoma tena, kisha ukafunguka kwa kishindo, na Mama Vifungo akatoka akasimama kwenye ngazi za nje, shati lisilo na vifungo mkononi. Nyuma yake wakatoka wengine.

"Haya," Bi Taipu alisema, akavuta kiti. "Anayefuata."